Karani, Dactylo na Mtu wa Kompyuta: Vyeti vya Waandaaji wa Nyaraka Lubumbashi

Kazi ya kuandaa nyaraka ina umri sawa na mji wa Lubumbashi. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, chini ya Emile Wangermée, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Ardhi ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, shaba ilichimbwa na Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, na serikali ya koloni ilikuwa na ofisi zake pembeni. Taasisi hizo tatu ziliendeshwa kwa karatasi: hati za viwanja, mikataba ya vibarua, orodha za mishahara, vibali vya kusafiri, taarifa za ajali, barua za kwenda Brussels na majibu yake.

Aliyeziandaa karatasi hizo amebadilika jina kadiri vifaa vilivyobadilika. Alikuwa karani, akawa dactylo, yaani mpiga chapa, na leo ni mtu wa kompyuta anayekaa katika chumba chenye kibao cha secrétariat public, ofisi ya kuwaandalia watu nyaraka kwa malipo. Suala la nani atambuliwe kuwa anaijua kazi hii, na kwa cheti cha nani, limejibiwa kwa namna tofauti katika kila kipindi. Hata hivyo kuna pengo moja lililodumu. Lubumbashi huzungumza Kiswahili, lakini karatasi zake rasmi huandikwa kwa Kifaransa. Ustadi mkubwa wa mwandaaji wa nyaraka mjini hapa umekuwa ule wa kusikiliza shida iliyosemwa kwa lugha ya kwanza na kuifanya waraka katika lugha ya pili, na ustadi huo haukupewa nafasi katika vyeti vikuu vya taaluma yake.

Makarani Waafrika wa miaka ya mwanzo hawakutoka katika shule za Katanga, kwani shule zenyewe zilikuwa ndiyo kwanza zinajengwa. Wabenediktini walifika mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, na Wasalesiani wakafuata mwaka 1911. Miongoni mwa walioshika kalamu ofisini walikuwemo watu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na wa Rhodesia ya Kaskazini, waliosomeshwa na misheni za Kiprotestanti na kuzoea Kiingereza. Wabelgiji hawakulifurahia jambo hilo. Reli, bidhaa na vibarua vilitoka kusini, na waliogopa kwamba Katanga ingegeuka kuwa mkia wa Rhodesia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walitilia mkazo Kifaransa ofisini na Kiswahili katika kambi za wafanyakazi. Hapo ndipo mgawanyo wa lugha ulipopata sura iliyobaki nayo hadi leo.

Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK iliiunganisha Katanga na Kasai, na kwa njia hiyo wakaja vijana wengi waliosoma katika misheni za Kasai. Wengi wao waliingia katika ofisi za reli, za Union Minière na za serikali. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ilitoa mpango wa elimu uliojulikana kwa rangi ya jalada lake, brochure jaune. Juu ya shule za msingi mpango huo uliweka shule maalumu za walimu, za mafundi na za makarani watarajiwa, walioitwa candidats-commis. Kwa kijana ambaye hakuelekea seminari, ukarani ulikuwa miongoni mwa nafasi za juu kabisa alizoweza kuzitamani. Alifundishwa Kifaransa, hesabu, mwandiko mzuri, utunzaji wa majalada na mashine ya kuchapa.

Mashine hizo zilikuwa za kibodi ya AZERTY, ambayo ina vitufe vya é, è, ç na à. Kupiga chapa vizuri hakukuwa kasi peke yake. Ilimbidi dactylo ajue kwamba katika Kifaransa nafasi huachwa kabla ya nukta mbili na kabla ya alama ya kuuliza, kwamba barua ya kwenda kwa mkuu ina pahali pake pa tarehe, pa kumbukumbu namba na pa somo, na kwamba kosa moja kwenye stensili hutokea katika kila nakala itakayodurufiwa. Kwa karatasi za kaboni ilikuwa hivyo hivyo: kufuta katika nakala ya juu hakukusaidia chochote katika zile za chini. Mashine iliadhibu uzembe palepale, na kwa sababu hiyo iliwalea watu makini.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi ilifanyika kabla ya kidole kugusa kitufe. Mfanyakazi aliyefika dirishani alieleza shida yake kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa masimulizi: nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Karani alisikiliza, akauliza, akachagua kilichohitajika, kisha akakiandika kwa Kifaransa cha ofisi, chenye kichwa cha habari mwanzoni na heshima ndefu mwishoni. Akikosea kuelewa, mtu alikosa posho au kibali. Wakubwa hawakuona kazi hiyo kwa sababu wao walipokea tu barua iliyokwisha kunyooka. Walimwona karani kuwa mnakili, wala shule haikumpa alama kwa tafsiri aliyoifanya kila siku.

Uzito wa nafasi hiyo ulidhihirika Desemba 1941. Wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara wakati gharama za maisha zilipokuwa zimepanda kwa sababu ya vita. Aliyesimama kuwasemea Elisabethville alikuwa Léonard Mpoyi, karani wa kampuni. Aliuawa tarehe 9 Desemba katika uwanja wa mpira, askari walipoufyatulia risasi umati uliokusanyika hapo. Wafanyakazi walimfuata mtu aliyejua kusema na kila upande, na huo ndio ujuzi uliomtoa karani kwenye meza yake na kumweka mbele ya watu.

Kuelekea mwisho wa vita makarani walianza kudai kutambuliwa kwa maandishi. Machi 1944 Waafrika wasomi wa Luluabourg waliandika risala ya kutaka hadhi yao itenganishwe na ya watu wasiosoma. Mwaka 1946 wafanyakazi Waafrika wa serikali ya koloni walipata chama chao, APIC. Jibu la utawala lilikuja mwaka 1948 kwa kadi iliyoitwa carte du mérite civique, kisha kwa amri ya tarehe 17 Mei 1952 iliyoruhusu Mwafrika kusajiliwa, yaani kuwekwa karibu zaidi na sheria ya Wazungu. Hati hizi mbili ndizo zilizozungumzwa zaidi na makarani wa kizazi hicho, na inafaa kueleza zilipima nini. Zilipima tabia, muda wa kazi, ndoa ya mke mmoja, kusoma na kuandika, na maisha ya nyumbani. Kwa usajili wa 1952 wakaguzi walifika hadi sebuleni na mezani kwa mwombaji kutazama anavyoishi na anavyokula. Ustadi wa kazi ulikuwa nyuma ya pazia. Karani aliyeandaa nyaraka bora kwa miaka ishirini angeweza kukosa kadi kwa sababu ya namna anavyoishi na jamaa zake, na huo ulikuwa udhalilishaji wa mtu na wa taaluma kwa pamoja.

Mafunzo ya kazi yenyewe yalikuwepo kwa wachache. Patrice Lumumba, kabla ya siasa, alikuwa karani wa posta. Alisoma katika shule ya posta ya Léopoldville mwaka 1947 na 1948, akarudi Stanleyville na kufanya kazi ofisini, na akapata usajili mwaka 1954. Njia yake inaonyesha ngazi ilivyokuwa: shule ya idara, miaka ya kazi, kisha hati ya hadhi. Juu ya hapo mlango ulifungwa. Uhuru ulipokaribia, katika nafasi zaidi ya 4,600 za ngazi za juu za utumishi, Wakongo walikuwa watatu tu.

Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, Elisabethville ikageuka ghafla kuwa mji mkuu wa dola iliyotaka kutambuliwa. Dola hiyo ilihitaji gazeti lake la serikali, Moniteur katangais, stempu zake, noti zake na barua zake za kidiplomasia. Wataalamu wa Kibelgiji waliendelea kukaa katika ofisi nyingi, na makarani Waafrika wakafanya kazi ya dola mpya kwa fomu za zamani zilizobadilishwa vichwa. Hali hiyo iliisha Januari 1963.

Taifa lililoungana tena liliweka misingi miwili ya vyeti inayofanya kazi hadi leo. Wa kwanza ni Institut National de Préparation Professionnelle, INPP, iliyoundwa Juni 1964 kwa ajili ya kufundisha na kuinua ujuzi wa watu walio kazini au wanaotafuta kazi. Wa pili ni mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Examen d’État, ulioanza mwaka 1967. Kupitia mtihani huo, mwanafunzi wa chaguo la biashara na utawala aliyesoma uhasibu, mawasiliano ya ofisi na dactylographie alipata diploma ya taifa zima, na katika chaguo za kiufundi kulikuwa na sehemu ya vitendo mbele ya jopo. Kwa mara ya kwanza mwandaaji wa nyaraka aliweza kuonyesha karatasi isiyomtegemea mkuu wake wa kazi, padri wala mkaguzi wa sebule yake. Ni hatua kubwa, na haisifiwi inavyostahili.

Hata hivyo diploma hiyo ilimpima mwanafunzi kwa Kifaransa peke yake. Kwa kulinganisha, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilirithi mitihani ya ngazi ya Pitman na ya Royal Society of Arts, iliyopima kasi kwa idadi ya maneno kwa dakika. Tanzania ilijenga juu yake taaluma ya uhazili, iliyofundishwa katika Chuo cha Uhazili Tabora na baadaye katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Matangazo ya kazi ya katibu mahsusi nchini humo yamekuwa yakimtaka mwombaji awe amefaulu mtihani wa uhazili wa hatua ya tatu na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika kutegemea daraja, pamoja na cheti cha programu za kompyuta. Mtu anayeweza kuandika Kiswahili kinachosemwa mbele yake kwa kasi hiyo anatambuliwa kuwa na ujuzi unaolipiwa mshahara. Lubumbashi, ambako Kiswahili kinasikika ofisini kutwa nzima, haikupewa mtihani wa namna hiyo.

Waraka mmoja wa mwaka 1965 unaonyesha pengo hilo lilikuwa na maana gani. Unaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na uliandikwa na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani mjini. Ni kurasa 33 zilizopigwa chapa kwa Kiswahili cha Katanga, na zinasimulia historia ya mji kutoka upande wa watu waliopika, waliofua na waliopasi: kufika kwa Wazungu, kazi, mishahara, vita, mabwana na watumishi wao. Hakuna chanzo kingine cha historia ya Lubumbashi kinacholingana nao. Waliouandaa hawakuwa na kanuni yoyote ya kupiga chapa lugha yao. Maneno yameunganishwa au kukatwa pasipotarajiwa, vituo vinakosekana, na neno moja huandikwa kwa namna mbili katika ukurasa mmoja.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipotaka kuuchapisha alikuta kuwa kuusoma kwa macho hakutoshi. Kalundi Mango, Mkongo aliyeijua lugha hiyo tangu utotoni, aliusoma kwa sauti, na sauti yake ndiyo iliyorudisha mipaka ya maneno na ya sentensi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, History from Below, kilitoka mwaka 1990. Maandishi yenyewe yaliwekwa kwenye intaneti mwaka 2001 katika hazina ya Archives of Popular Swahili, iliyoandaliwa na Fabian na Vincent de Rooij kutoka Amsterdam. Safari hiyo kutoka taipureta hadi faili la kompyuta ilihitaji kile hasa ambacho karani wa dirishani alikifanya tangu mwanzo, yaani sikio la mtu anayejua lugha. Mjini hapa hakuna shule iliyomfundisha dactylo kukiandika Kiswahili kama lugha ya waraka, na chama cha watumishi kililazimika kujitungia njia yake. Ukosefu huo ni wa mfumo wa elimu; haupunguzi hata chembe thamani ya kazi yao.

Miaka iliyofuata iliwapa madactylo kazi ya kubadilisha majina. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967, ikawa Gécomin, kisha Gécamines. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1972 wananchi wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo. Kila badiliko lilimaanisha vichwa vipya vya barua, mihuri mipya na majalada ya watumishi yaliyopaswa kurekebishwa jina kwa jina. Kosa la herufi katika kazi ya namna hiyo linaweza kumfuata mtu hadi kwenye pensheni yake.

Kuporomoka kwa Gécamines ndiko kulikoitoa kazi hii ofisini na kuiweka barabarani. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na mwaka uliofuata uporaji ukaenea katika miji ya Zaire. Kisha katika miaka ya 1992 na 1993, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani kwa makundi makubwa. Miongoni mwao walikuwemo watoto na wajukuu wa makarani waliokuja kwa reli ya 1928, ambao wenyewe walikuwa wakifanya kazi katika ofisi za kampuni na za reli. Mateso yao hayapimwi kwa hesabu ya ofisi. Bado ni kweli pia kwamba mji ulipoteza kwa mwaka mmoja au miwili ujuzi wa nyaraka uliokuwa umerundikana kwa vizazi vitatu. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliwaondoa Gécamines wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000.

Ofisi kubwa zilipofifia, mahitaji ya nyaraka hayakupungua. Mtu bado alihitaji barua ya kuomba kazi, wasifu, hati ya kuthibitisha kupotea kwa kitambulisho, mkataba wa kupanga nyumba, malalamiko ya kupeleka mahakamani. Aliyekuwa na mashine aliitoa nje na kulipwa kwa ukurasa. Kompyuta iliposhuka bei, chumba kidogo chenye kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya kopi na kifaa cha kujalidi kikawa biashara ya kawaida karibu na ofisi za serikali na vyuo. Ukutani huandikwa saisie, impression, photocopie, reliure, yaani kuchapa, kuprinti, kutoa kopi na kujalidi, na orodha hiyo inatosha kueleza shughuli.

Wateja wakubwa wa vyumba hivi ni wanafunzi. Chuo kikuu cha mji kilianzishwa mwaka 1955 na kufungua milango mwaka 1956, kikaunganishwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, mwaka 1971, na kuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, mwaka 1981. Katika mfumo wa zamani wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, kila mwanafunzi alimaliza mzunguko wa kwanza kwa andiko lililoitwa travail de fin de cycle, na wa pili kwa mémoire. Andiko hilo lilifika kwa mtu wa kompyuta likiwa na kurasa za mkono, majedwali yaliyochorwa kwa rula, na masahihisho ya mwalimu pembeni yaliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Kinachofuata ni kazi ya kitaalamu, ingawa huitwa kwa dharau kupiga tu. Mwandaaji hodari huweka mitindo ya vichwa vya habari tangu mwanzo, ili orodha ya yaliyomo ijipange yenyewe hata sura zikihamishwa. Hutenganisha namba za kurasa za utangulizi na za matini. Huzipa tanbihi nafasi zake. Hurudisha alama za lafudhi za herufi za Kifaransa pale ambapo kibodi ya QWERTY haina vitufe vya herufi hizo. Asiye hodari huandika yaliyomo kwa mkono na kusogeza maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, na mwalimu akitaka aya moja iongezwe, kazi nzima huvurugika usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Juu ya hayo kuna umeme unaokatika, flashi zinazobeba virusi kutoka chumba hadi chumba, na faili linalobadilika sura likifunguliwa katika toleo jingine la programu. Kwa shida hii ya mwisho, waraka wa PDF, uliobuniwa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, umeokoa watu wengi. Ukurasa uliotengenezwa chumbani hufika ofisini ukiwa uleule.

Kwingineko duniani taaluma hii ilijiundia vyeti vyake mapema. Watumiaji wa printa kubwa ya leza ya Xerox 9700, iliyotoka mwaka 1977, waliunda mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama kilichokuja kuitwa Xplor International. Chama hicho huthibitisha wataalamu wa nyaraka za kielektroniki kwa cheti cha EDP, na sharti lake lina hekima: mwombaji huonyesha miaka ya kazi na vielelezo vya kazi aliyoifanya. Kwa watumiaji wa kawaida, miaka ya 1990 ilileta Ulaya hati ya kuendesha kompyuta, ECDL, iliyofuata mfano wa Finland na baadaye kuenea nje ya Ulaya kwa jina la ICDL. Mwaka 1997 Microsoft nayo ilianza kupima ustadi wa programu zake za ofisi. Vyeti hivi viwili vya mwisho hupima kama mtu anajua amri za programu. Cha Xplor huuliza waraka wenyewe ulitoka vipi, na kwa kazi inayofanyika Lubumbashi swali hilo ndilo zito zaidi.

Mjini hapa mafunzo yanatolewa kwa njia kadhaa. INPP ina kurugenzi ya mkoa, na karakana zake za Lubumbashi zimejengwa upya kwa msaada wa Japani. Vyeti vyake vya kozi fupi za ofisi na kompyuta vinajulikana kwa waajiri. Institut Supérieur de Commerce na Institut Supérieur de Statistique hutoa elimu ya juu ya uhasibu, usimamizi na takwimu. École Supérieure d’Informatique Salama, inayotokana na kazi ya Wasalesiani, hufundisha wahandisi wa kompyuta. Chini ya ngazi hizo vipo vituo vingi vya watu binafsi vinavyotoa brevet baada ya wiki chache za Windows, Word na Excel. Ubora wa brevet hizo unatofautiana mno, na mwajiri makini humketisha mwombaji mbele ya mashine kabla ya kusoma cheti chake.

Ufufuo wa migodi baada ya Sheria ya Madini ya 2002 ulibadilisha kipimo tena. Makampuni ya kigeni yalitaka ripoti za usalama, za mazingira na za forodha kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja, na zile zinazowahusu wanavijiji huelezwa kwa Kiswahili mikutanoni. Mtu anayeweza kukaa katika kikao cha kijiji, kusikia malalamiko kwa Kiswahili, na kutoa siku ya pili waraka safi wa Kifaransa unaoweza kusimama mbele ya wakili, anatafutwa. Hulipwa kwa jina la msaidizi wa mahusiano ya jamii au la katibu, na wasifu wake hautaji ujuzi huo kwa sababu hakuna cheti cha kuutaja.

Sheria ya karibuni zaidi imegusa waraka kuliko mwandaaji wake. Kanuni ya sekta ya dijitali, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaupa waraka wa kielektroniki uzito wa ushahidi sawa na wa karatasi endapo mtoaji wake anaweza kutambuliwa na waraka umehifadhiwa bila kuharibiwa. Inatambua saini ya kielektroniki, inaweka masharti kwa watoa huduma wa kuithibitisha, na inaanzisha mamlaka ya taifa ya uthibitisho wa kielektroniki. Kwa mujibu wake, mkataba ulioandaliwa katika secrétariat public ya Lubumbashi na kutiwa saini ipasavyo unaweza kupelekwa mahakamani bila nakala ya karatasi. Uthibitisho unaotajwa humo ni wa saini, wa tarehe na wa faili. Ujuzi wa aliyeusikiliza upande mmoja na mwingine, akauandika na kuupanga, umebaki chini ya diploma ya taifa ya chaguo la biashara, cheti cha INPP, au brevet ya kituo cha mtaani, na hakuna kati ya hivyo kinachodai neno moja la Kiswahili.